Vita ya Kagera isigeuzwe kibali cha kila vita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kwamba nchi ikishakuwa na utawala katili na wenye uadui na wengine, basi yeyote mwenye jeshi ana haki ya kwenda kuung'oa, na ushahidi wake mkubwa tukawa sisi wenyewe, eti Tanzania tulimng'oa Idi Amin wa Uganda na dunia haikutufanya kitu, sasa Wamarekani walipoingia Iraq tunalalamika nini. Barua ile nimeisoma mara mbili na imeniuma, manake mi ni mzaliwa wa Missenyi, huko ndo vita ilikoanzia, na naona historia yetu inakatwa kipande halafu kile kipande kinapelekwa kutetea mambo ambayo hayafanani nayo kabisa.

Tuanze na huyo Amin mwenyewe. Ubaya wake haukuanza 1978. Alipindua nchi Januari 25, 1971 wakati Rais Obote yuko Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, na mwaka ule ule wanajeshi wa Kiacholi na Kilango wakaanza kuuawa makambini. Agosti 1972 akawapa Waasia siku 90 wafungashe. Februari 1977 akauawa Askofu Mkuu Janani Luwum pamoja na mawaziri wawili, serikali ikasema ni ajali ya gari. Makadirio ya waliokufa chini ya utawala wake yanapishana sana, wapo wanaotaja watu 100,000 na wapo wanaofika 500,000. Mwalimu Nyerere aliyajua yote haya, na alikataa kumtambua tangu mwanzo, hata 1975 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, walipokwenda kukutana Kampala na Amin akakabidhiwa uenyekiti yeye hakwenda, na Kaunda wa Zambia hakwenda, na Machel wa Msumbiji hakwenda. Lakini pamoja na chuki yote hiyo jeshi la Tanzania halikupelekwa Kampala. Miaka saba na zaidi! Kama ukatili wa mtawala peke yake ungekuwa unatosha, basi tungeondoka 1972 au 1977, si ndio? Hatukuondoka, na msomaji mwenzangu hilo hajaligusa.

Najua kuna watakaosema mbona 1972 tulijaribu. Ni kweli na tusifiche. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote waliokuwa wamehifadhiwa kwetu walivuka mpaka kutokea Tanzania, wakapigwa vibaya, halafu ndege za Amin zikaja kutupa mabomu Bukoba na Mwanza, raia wakafa. Ikabidi Rais Siad Barre wa Somalia asuluhishe na Oktoba makubaliano yakasainiwa Mogadishu, kila upande urudishe majeshi nyuma na uache kuwasaidia wapinzani wa mwenzake. Kwa maoni yangu ile ya 1972 ilikuwa kosa, na ilikuwa kosa kwa sababu msingi wake ulikuwa huu huu anaoutetea msomaji mwenzangu, kwamba mtawala ni mbaya na wenye nchi yao wapo tayari kurudi. Wenye nchi hawakuinuka, Amin akapata kisingizio cha kuua zaidi, na watu wa Bukoba wakalipia.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano wao. Februari 1976 Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda kihistoria, na Wakenya walikasirika vibaya sana, maandamano kila mahali, Kenyatta akasema hata inchi moja haitoki, askari wakasogezwa mpakani na mizigo ya Uganda ikabanwa. Uganda haina bandari kwa hiyo ilimuuma Amin haraka, akarudi nyuma na kuanza kusema hakueleweka. Kenya haikuvamia mtu. Madai ya mdomoni, hata yawe ya kichaa namna gani, walijibu kwa namna inayolingana nayo.

Sasa njoo Oktoba 1978. Jeshi la Amin lilikuwa limeanza kupigana lenyewe kwa lenyewe huko kusini mwa Uganda, na mwisho wa mwezi ule likavuka mpaka pale Mutukula kwa wingi likachukua eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800 hivi. Novemba 1 ikatangazwa redioni kwamba eneo lile sasa ni sehemu ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa ili jeshi letu lisiweze kuvuka. Kiwanda cha sukari kikaporwa, ng'ombe kwa maelfu wakaswagwa kuelekea kaskazini, wanawake wakabakwa, inakadiriwa raia kama 1,500 waliuawa. Wazee wa kwetu hawahitaji kitabu kulieleza hili jambo, wanakuonyesha tu lile gofu la kanisa pale Kyaka.

Mwalimu akaongea Novemba 2 na kila Mtanzania anayajua maneno yake matatu, sababu, nia na uwezo. Siku hizi yamekuwa kama wimbo, mtu anayatumia hata kwenye mpira. Lakini watu wanapenda zile mbili za mwisho, nia na uwezo, zinapandisha damu. Sababu inapita haraka haraka. Na sababu yenyewe haikuwa kwamba Amin ni nduli, jina hilo lilikuja kama hasira ya haki. Sababu ilikuwa ni ardhi iliyochukuliwa, unaweza kuionyesha kwenye ramani kwa kidole, na watu waliouawa wakiwa majumbani mwao ndani ya nchi yao, na adui ambaye bado yuko pale anakunywa pombe kwenye nyumba zao. Hata sheria za Umoja wa Mataifa ziko hivyo, ibara ya 51 inakupa haki ya kujilinda ukishashambuliwa kwa silaha. Haisemi ukimchukia mtu.

Kulikuwa na mtego hapo katikati. Amin alisema yuko tayari kuondoka Kagera kama Tanzania itaahidi kutowasaidia wapinzani wake na kutoivamia Uganda. Wapo waliotushauri tukubali, amani ipatikane. Mwalimu akakataa na mi naona alikuwa sahihi, manake ukikubali unakuwa umemfundisha kwamba akiteka ardhi yako anapata kitu. Aliiomba OAU ilaani uvamizi, Amin akane madai yake juu ya ardhi yetu, na alipe fidia. OAU haikulaani. Ikawa inatuita sisi na mvamizi kwa pamoja tusimamishe mapigano, kana kwamba wote wawili tumevuka mpaka.

Basi mpaka hapa naamini hakuna Mtanzania anayebisha. Ugumu unaanza Januari 1979. Wavamizi walikuwa wameshatoka kwenye ardhi yetu, na tarehe 22 mwezi ule jeshi letu likaiteka Mutukula ya upande wa Uganda ili wasije tena kutupiga mizinga kutokea kwenye kile kilima. Na baada ya Mutukula, Masaka, halafu Mbarara, halafu Kampala. Sababu ya kurudisha Kagera ilikuwa imeshatimia! Sasa tulikuwa tunaenda kwa sababu gani? Hili swali tunalikwepa kila mwaka kwenye maadhimisho, tunaimba tu ushindi, na ndo maana leo mtu anaweza kuandika barua gazetini akaichukua safari yote ya Kampala akaiita vita ya kumwondoa dikteta, basi.

Mwalimu mwenyewe hakulikwepa. Mwezi Machi alieleza wazi kwamba kuna vita mbili zinapiganwa, moja ya Watanzania wanaolinda usalama wa nchi yao na nyingine ya Waganda wanaotaka kumtoa dikteta wao. Nakubaliana naye kwenye fikra lakini kwenye uwanja haikuwa hivyo sana, wapiganaji wa Uganda waliokuwa na Oyite-Ojok, Tito Okello na Museveni walikuwa wachache mno ukilinganisha na brigedi zetu, mzigo mkubwa waliubeba vijana wa JWTZ na mgambo walioitwa kutoka mashambani. Ila kilichotokea ni kwamba Gaddafi wa Libya akaingia. Alileta askari wake kwa maelfu wakiwa na vifaru na ndege, akatupa saa 24 tuondoke Uganda, na ndege yake ya Tupolev ikaja kupiga Mwanza ikakosa ikaangukia wanyama pale kisiwani Saanane. Pale Lukaya, kati ya Masaka na Kampala, Machi 10 na 11 tulipigana na Walibya uso kwa uso. Kwa hiyo hakukuwa na mpaka tulivu wa kurudi kukaa nyuma yake. Adui hajakana madai, hajasalimu, ameongezewa nguvu na taifa jingine, na kila siku unayosimama Masaka anajipanga upya. Hiyo ndo sababu ya Kampala, na naitetea kwa moyo wote. Inatokana na vita aliyoianzisha yeye na ambayo alikuwa hajaiacha.

Linganisha na Kuwait. Agosti 2, 1990 Saddam aliivamia Kuwait na mwezi haujaisha akaiita mkoa wa 19 wa Iraq, kitu kile kile alichofanya Amin. Umoja wa Mataifa ukaruhusu nguvu itumike, majeshi ya muungano yakamtoa, na Februari 28, 1991 Rais Bush mkubwa wa Marekani akasimamisha vita bila kwenda Baghdad. Kazi waliyopewa ilikuwa Kuwait na ilikuwa imekwisha. Sisemi uamuzi ule haukuwa na maumivu, Washia wa kusini na Wakurdi waliinuka Machi ile wakidhani watasaidiwa na Saddam akawaua kwa maelfu huku majeshi yenye uwezo wa kumzuia yanaangalia. Mtu mwenye moyo hawezi kulipita hilo kirahisi, na hapo nakiri hoja ya msomaji mwenzangu ina uzito. Watu wanauawa na serikali yao, wewe una ndege, unafanya nini? Baadaye waliweka eneo la kulinda Wakurdi kule kaskazini ambako ndege za Saddam zilikatazwa, na iliokoa watu wengi sana bila kuichukua nchi nzima. Kwa hiyo kati ya kukaa kimya na kwenda kuangusha serikali kuna nafasi kubwa ya kufanya mambo, tusiambiwe kila mara kwamba ni hayo mawili tu.

Halafu ndo ije 2003. Iraq ilikuwa imevuka mpaka wa nani? Ilikuwa imeshambulia nani mwaka ule? Hakuna. Ikabidi sababu itafutwe. Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akaenda Baraza la Usalama Februari 5 na picha na kichupa kuonyesha silaha za maangamizi, Uingereza tayari walishatoa waraka wao wa Septemba 2002 unaosema silaha zinaweza kuwa tayari ndani ya dakika 45. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa chini ya Hans Blix walikuwa bado wako ndani ya Iraq wanakagua na wanaomba muda. Machi 20 Wamarekani na Waingereza wakapiga. Silaha hazikupatikana, na wachunguzi wa Marekani wenyewe wakasema hivyo 2004. Baada ya hapo ndo hoja ikahamia kwenye ukatili wa Saddam na demokrasia, na Kofi Annan, aliyekuwa katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, akaulizwa Septemba 2004 akasema vita ile haikuwa halali kwa mujibu wa mkataba wa Umoja wa Mataifa. Ripoti ya uchunguzi wa Chilcot kuhusu vita ile, ya 2016 kule Uingereza, ikasema njia za amani zilikuwa hazijaisha. Mimi sina huruma hata kidogo na Saddam, aliwapiga Wakurdi wa Halabja kwa gesi 1988, na wakati ule hao hao wakubwa walikuwa wanamsaidia kwenye vita yake na Iran. Nachosema ni kwamba sababu inayobadilika kila inapokamatwa haikuwa sababu, watu walikuwa wameshaamua kwenda.

Na jambo lenyewe haliko Uarabuni tu, liko hapa mlangoni. Agosti 1998 Uganda na Rwanda ziliingia Congo zikisema zinajilinda na waasi wanaojificha misituni, na waasi walikuwepo kweli, sio hadithi. Congo ikaipeleka Uganda mahakama ya kimataifa kule The Hague na Desemba 2005 mahakama ikaikatalia Uganda utetezi wa kujilinda, ikasema pia kwamba kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakulingani na mashambulizi ya mpakani iliyokuwa inayalalamikia. Februari 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Waulize watu wa Kisangani Juni 2000 waliona nini, majeshi mawili ya kigeni yote yaliyokuja kwa jina la kujilinda yakapigana yenyewe kwa yenyewe siku sita katikati ya mji wao. Na leo Goma iko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari 2025, wataalam wa Umoja wa Mataifa wamesema mara nyingi kwamba jeshi la Rwanda liko pamoja nao, Rwanda inakana na inasema shida yake ni waasi wa Kinyarwanda wa FDLR waliojificha Congo. Vijana wetu wa Tanzania waliokwenda kule chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, baadhi wamerudi kwenye masanduku. Kwa hiyo mtu akiniambia adui akiwa mbaya inatosha, namuuliza inatosha mpaka kilomita ngapi.

Kuna lingine ambalo sisi watu wa Kagera tunapaswa kulisema wenyewe kabla hatujasemewa. Kuwa na sababu ya haki hakukutufanya malaika. Mutukula ilisawazishwa kwa mabuldoza na raia wakauawa pale, na Mwalimu alipopata habari alishtuka akatoa amri kwamba raia na mali zao wasiguswe. Masaka nayo ilibomolewa sana, askari wetu walikuwa na hasira ya waliyoyaona Kyaka. Naielewa ile hasira, ni ya ndugu zangu. Lakini mama wa Masaka hakuiteka Kagera.

Na hiyo ya kusema dunia haikutufanya kitu nayo sio sahihi hata kidogo. Julai 1979 kwenye mkutano wa OAU Monrovia Rais Nimeiry wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria walitusema hadharani kwamba tumevunja kanuni ya kutoingilia nchi nyingine, serikali yetu ikabidi iandike kitabu kizima kujieleza. Hakuna aliyetulipia gharama. Vita ilitugharimu kama dola milioni 500, mafuta yakapanda mwaka ule ule, Mwalimu akatuomba tufunge mikanda miezi 18 na waliokuwepo wanajua mikanda ilifungwa mpaka lini, foleni za sabuni na sukari na unga wa njano. Mtei akaacha uwaziri wa fedha 1979 hiyo hiyo kwa kutokubaliana na Mwalimu kuhusu masharti ya IMF. Sisemi shida zote zilitoka kwenye vita, uchumi ulikuwa na matatizo yake kabla, ila mtu asituambie ilikuwa bure.

Uganda yenyewe je? Machi 1979 Waganda walikutana Moshi wakaunda umoja wao wakamchagua Yusuf Lule, Kampala ikaanguka Aprili 11, Lule akakaa siku 68 tu, akaja Binaisa naye akaondolewa, wakaja kina Muwanga, ukaja uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote huku wengi wanasema umeibwa, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Luweero, kwenye vita ile ya msituni, wakafa watu wengi mno. Majeshi yetu yalikuwa kule mpaka 1981, na lawama za siasa zile tunazibeba mpaka leo kwa baadhi ya Waganda. Hatukuichukua ardhi yao hata shamba moja, hilo tujivunie, lakini kumtoa mtawala na kuiweka nchi sawa ni kazi mbili tofauti na ya pili hatukuiweza. Wamarekani wenye pesa zote zile nao hawakuiweza Iraq.

Wapo watakaonikumbusha kwamba Umoja wa Afrika sasa una ibara ya 4(h), inayoruhusu Umoja kuingilia nchi mwanachama kukiwa na mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Naijua na naiunga mkono. Tatizo lake ni kwamba Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama lilitaka kupeleka askari 5,000 Burundi, Rais Nkurunziza akakataa, na mwezi uliofuata wakuu wa nchi wakaachana na mpango. Hata hivyo naona ni afadhali huo mlango ulio mgumu, ambao uamuzi unatolewa na wengi kwa sababu iliyoandikwa, kuliko kumwachia kila jirani mwenye vifaru ajiamulie nani ni nduli wa mwaka huu.

Ndugu Mhariri, nakuomba jambo moja. Julai 25, Siku ya Mashujaa, ikikaribia kila mwaka mnachapisha picha za makaburi ya askari wetu pale Kaboya na hotuba za viongozi. Safari hii chapeni na yale masharti ambayo Mwalimu aliyataka kwa OAU, na maelezo ya serikali yaliyopelekwa Monrovia 1979, yote kwa Kiswahili na bila kufupisha, vijana wayasome wenyewe waone sababu ya vita ilielezwaje, ilianzia wapi na ilikuwa na ugumu gani. Halafu msomaji mwenzangu naye nitafurahi akijibu, hasa kuhusu zile siku kati ya Mutukula na Kampala, manake naamini hapo ndo tunapotofautiana kweli.

Ni mimi msomaji wako,
Mzaliwa wa Missenyi, Kagera